Kompyuta ya Usoke Iliyokwepa Geti

Mtani wangu wa Kizaramo alipoacha kunitukana, nilijua mambo yameharibika.

Alikuwa karani wa tawi letu la Usoke, mwanamke aliyetoka Kisarawe kumfuata mumewe, mfanyakazi wa reli, akakaa huku hadi akaweza kula michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukaushwa, bila kukunja uso. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Kila nilipompigia simu kuuliza kama mtandao unafanya kazi, hakunisalimu kama watu wengine wanavyosalimiana. Aliniuliza, "Mpagazi, leo umebeba nini kichwani?" Nami nilimuuliza kama kule kwao wameshaamka au bado wamelala wakisubiri nazi idondoke yenyewe. Baada ya hapo ndipo tulipozungumza habari za mtandao.

Mtu wa mbali anaweza kudhani tulikuwa tunagombana. Hapana. Wazee wetu walishuka pwani na mizigo vichwani, wakifuata njia ambayo leo ina reli pembeni yake, na walipofika kwa Wazaramo waligombana nao, wakala nao, wakauguzana, wakazikana. Kilichobaki ni utani. Mtani anaweza kunivua kofia mbele za watu akaondoka nayo, nisimdai. Anaweza kuja kwenye msiba wangu akajilaza mbele ya kaburi, akagoma kuondoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mimi natakiwa nisikasirike. Yeye anatakiwa asinyamaze.

Yote yalianza na ujumbe wa meneja wetu. Alikuwa mtu wa Upareni, mwangalifu, mpole wa sauti, na hakuwa amemaliza msimu wake wa kwanza kwetu. Aliandika kwenye kundi la kazi, lile la simu, kwamba kompyuta ya Usoke imekuwa ikifungua ukurasa wa mapokezi bila kupita getini. Alimaliza kwa maneno mawili: mhusika ajieleze.

Geti ni jina letu la kompyuta moja iliyoko ofisi kuu Tabora, ambayo mafundi huiita proksi. Ukitaka kufungua ukurasa wa mtandao ukiwa kwenye ofisi zetu, ombi lako hupita kwake kwanza, nayo huandika ni nani kafungua nini na saa ngapi. Ukurasa wa mapokezi ndio unaoonyesha marobota ya tumbaku yaliyopokelewa, madaraja yake, na siku ambayo soko la kila kijiji limepangwa kufunguliwa. Madalali wangefurahi sana kuuona mapema. Ni kwa ajili yao geti liliwekwa. Sasa tovuti yenyewe ilionyesha kwamba karani wa Usoke alikuwa akiingia na kuandika marobota kila siku, lakini geti halikuwa limemwona hata kidogo. Kurasa nyingine zote alizofungua lilikuwa limeziona. Huo mmoja tu ndio haukuwemo.

Mtani akajibu papo hapo, mbele ya kundi zima: "Ni mimi, nimelikwepa. Mmezoea kubeba, leo mmepewa kulinda, mkalala. Mkitaka kunikamata njooni na kamba, na mje na chakula chenu."

Wanyamwezi wa kundi lile tukacheka. Mmoja wa Urambo akamwambia kamba ipo, inayokosekana ni nazi ya kumlipa mkamataji. Meneja hakuandika kitu. Alipiga picha ya skrini.

Kesho yake karani akatakiwa kujieleza kwa maandishi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na akaambiwa kwamba bodi itakaa Ijumaa kuamua kama utaongezwa. Hilo peke yake lilitosha kumkosesha usingizi, lakini Usoke ni kijiji cha tumbaku, na maneno hayakukaa ofisini. Yalifika kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kwa watu wanaokausha jasho lao la mwaka mzima: kwamba yule mama wa pwani anauza siri zetu. Mkataba ungeweza kukatika, wangeishi kwa mshahara wa mume. Jina la muuza siri lisingekatika. Mume bado alikuwa na miaka ya kufanya kazi pale stesheni, na watoto wao walisoma pale.

Niseme ukweli, hata mimi nilianza kuhesabu vitu vidogo. Tatizo lilikuwa limeanza wiki ile ile aliyorudi likizo. Alirudi na simu mpya, nzuri kuliko yangu. Na kulikuwa na uvumi kwamba madalali fulani walijua siku ya soko la kijiji kimoja kabla ya wakulima wenyewe. Kila kimoja kati ya hivi hakikuwa na maana. Ukivipanga pamoja vinaanza kutazamana.

Meneja akaniita ofisini kwake na kuniambia nithibitishe.

Hapa inanibidi nieleze jambo la kitaalamu, na usiogope. Kama umewahi kumwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni, utalielewa. Kivinjari ni ile programu unayofungulia kurasa za mtandao. Kompyuta ya Usoke ina njia mbili za kutokea: moja kwa moja kwenye mnara wa simu, au kupitia geti la Tabora. Kivinjari hakijui kichague ipi. Kwa hiyo tunakipa faili dogo, skripti ya mistari michache, na kila kinapotaka kufungua ukurasa kinaliuliza: nakwenda anwani hii, nipite wapi? Faili husoma mistari yake kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaokubaliana na anwani ndio unaojibu. Iliyo chini yake haisomwi tena.

Faili letu, ukilitafsiri kwa maneno ya kawaida, lilisema hivi. Kama ni ukurasa wa mapokezi, pita getini. Kama ni ukurasa mwingine wowote wa tovuti yetu, yaani matangazo na picha za mikutano, nenda moja kwa moja, usilichoshe geti. Kingine chochote, getini. Lilikuwa limeandikwa na fundi wa mkataba ambaye alishaondoka, na Usoke ndilo lilikuwa tawi la kwanza kulitumia, kwa majaribio. Kompyuta za ofisi kuu hazikulihitaji, kwa sababu hazina njia nyingine ya kutokea ila geti lenyewe. Msimu uliotangulia lilifanya kazi bila malalamiko.

Kukagua skripti kama hiyo kuna programu ambayo mafundi huiita dibaga. Unaipa faili, unaandika anwani kwenye kisanduku, nayo inatembea mstari kwa mstari mbele ya macho yako. Mstari uliojibu unageuka kijani, na pembeni unaonyeshwa jibu. Naipenda kazi ya dibaga kwa sababu haina haraka. Mtu anayeanza kujifunza skripti huwa namwambia aanze nayo, akae atazame tu jinsi mistari inavyopokezana.

Nikaipa faili letu. Nikaandika anwani ya ukurasa wa mapokezi, yote, mwanzo hadi mwisho. Mstari wa kwanza ukawa kijani. Jibu: getini.

"Faili ni zima," nikamwambia meneja, na nilifurahi kabla sijaelewa nilichosema.

Meneja aliegemea kiti chake. "Basi kama faili ni zima, aliyeharibika ni mtu."

"Labda la Usoke limebadilishwa."

"Nani kalibadilisha?"

Nilisema nitakwenda Usoke nikaione kompyuta yenyewe.

"Hutakwenda peke yako," akasema. "Nitakupeleka mimi. Usinielewe vibaya, fundi. Nyie mnajuana."

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya ofisi. Alikuwa dereva wa taratibu. Tulipita mashamba yaliyovunwa na mabani yaliyoanza kupoa. Kisha nikajaribu kumweleza habari ya utani, tangu mizigo ya pwani hadi mazishi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akashusha kioo akatoa mkono nje kidogo.

"Utani naujua. Kwetu tunataniana na Wachaga, na baba yangu alizikwa na Mchaga akicheza juu ya udongo. Lakini fundi, kwetu hatutanii kwa maandishi juu ya kitu kilichopotea."

"Huku tunatania juu ya chochote."

"Ndiyo hapo sasa. Mwizi mwenye akili angejificha wapi, kama si kwenye utani? Akikamatwa anasema alishatuambia, tukacheka."

Na mimi nikashusha kioo changu, tukafika Usoke hivyo.

Karani alitupokea mlangoni, mtandio wake ukiwa umefungwa sawasawa kama wa mtu anayekwenda kanisa la ugenini. "Shikamoo, mzee," akamwambia meneja. "Marahaba, mama." Kisha akanigeukia mimi. "Karibu, fundi."

Fundi. Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita hivyo. Siku za nyuma ningekuwa nimeshanyang'anywa begi mlangoni, nikiambiwa wapagazi hawaingii na mizigo yao ndani. Safari hii alinisogezea kiti, akaandika nywila yake kwenye kompyuta, akaenda kusimama dirishani na mikono yake imekumbatia viwiko. Mtani anayenyamaza ama amefiwa, ama ana jambo. Nilifikiri hivyo, na nikajichukia kidogo kwa sababu nilifikiri lile la pili kwanza.

Nikalifungua faili la kwenye kompyuta yake, nikaliweka kando ya lile langu, nikayalinganisha herufi kwa herufi. Yalikuwa sawa. Nikaiweka dibaga palepale kwenye kompyuta yake, nikaandika anwani ya mapokezi. Kijani. Getini. Kisha nikafungua kivinjari, nikauita ukurasa wenyewe, na kwenye kompyuta yangu ya mkononi nikawa natazama kumbukumbu za geti la Tabora zikishuka. Ukurasa ulifunguka vizuri. Geti halikuandika kitu.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Faili linasema apite getini," akasema taratibu, kama anayemsomea mtu hukumu, "na kompyuta haipiti."

Nikaanza kutafuta mkono wa mtu. Nilitazama kama kuna kivinjari cha pili kilichofichwa. Nilitazama vijiprogramu vinavyojipachika kwenye kivinjari. Nilitazama mipangilio ya mtandao, moja baada ya nyingine. Nilichokuta ni michoro ya mishono ya vitenge na mahubiri ya redio ya pwani. Kila nilipokosa kitu, nilihisi meneja akiamini zaidi kwamba kimefichwa vizuri.

"Mama," akauliza, "ile simu yako mpya uliipata wapi?"

Karani hakugeuka kutoka dirishani. "Ni ya marehemu dada yangu, mzee. Nilikwenda kumzika. Watoto wake wakanipa."

Kwenye kundi alikuwa amesema anakwenda likizo, basi. Hakuna Mnyamwezi hata mmoja aliyekwenda kulala mbele ya kaburi lile, kwa sababu hakutuambia, na sasa hakukuwa na mtu wa kumlaumu.

"Pole sana," meneja akasema, na alimaanisha. Alikaa juu ya ukingo wa meza, akapangusa miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini. "Fundi, hii dibaga yako, inajuaje kivinjari kimefanya nini? Ilikuwepo?"

Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kutowaamini mashahidi. Nikaondoa mkono kwenye kibodi.

Kwa kweli haikuwepo. Dibaga haikuwa imezungumza na kivinjari hata mara moja. Anwani niliiandika mimi, kwa vidole vyangu, nayo ikaiamini na kuipeleka kwenye faili kama ilivyo. Nilikuwa najua tangu Tabora faili lingejibu nini iwapo lingeulizwa na mimi. Kile ambacho kivinjari kinaliuliza, hakuna aliyewahi kukisikia.

Kuna namna ya kukisikia. Niliongeza mstari mmoja juu kabisa ya faili, unaoiamuru skripti itamke kila anwani inayoletwa mbele yake, na matamshi hayo hubaki kwenye kumbukumbu za kivinjari chenyewe. Nikakifunga kivinjari kabisa, kwa sababu huwa kinashikilia nakala ya zamani ya faili mpaka kizimwe, jambo ambalo limewapotezea mafundi wengi nusu siku. Nikakiwasha. Nikauita ukurasa wa mapokezi, nikafungua kumbukumbu zile.

Anwani ya tovuti yetu ilikuwepo. Lakini ilikuwa jina la tovuti tu, mkwaju mmoja, yaani alama ya mshazari, basi. Neno mapokezi halikuwepo. Mkia wote ulikuwa umekatwa.

Nilijaribu tena. Ilikuwa vilevile. Nilijaribu anwani nyingine isiyo na alama ya kufuli pembeni, tovuti ya zamani ya jambo jingine kabisa, na hiyo ikaja nzima na mkia wake.

"Nimeona," nikasema.

"Umeona nini?" meneja akauliza.

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Mshenga anapotumwa kupeleka posa, akipotea njia atauliza nyumba ya mzee fulani iko wapi. Hasemi barabarani kwamba anakwenda kumposa binti yupi. Hayo ni ya ndani. Vivinjari vya siku hizi vina adabu hiyo hiyo. Anwani ikiwa na kufuli, yaani ya mawasiliano yaliyofichwa, kivinjari kikifika kwa skripti ya njia kinataja nyumba tu. Chumba hakitajwi. Sasa mstari wetu wa kwanza unasubiri kusikia chumba kinaitwa mapokezi, na hausikii, kwa hiyo unanyamaza. Mstari wa pili unasikia jina la nyumba yetu, unadhani ni mtu wa picha za mikutano, unamwambia apite moja kwa moja. Nayo dibaga, kwa kuwa haina adabu hiyo, nilipoipa anwani nzima iliifikisha nzima, mstari wa kwanza ukajibu, tukadhani ndivyo ilivyo.

"Na msimu uliopita mbona geti liliona?"

"Msimu uliopita tovuti haikuwa na kufuli. Imewekewa mwanzoni mwa msimu huu."

"Wiki gani?"

Nilitafuta tangazo la waliotutengenezea tovuti, nikamwonyesha. Ilikuwa wiki ile aliyokuwa Kisarawe. Aliporudi na kukaa kwenye kiti chake, alikuta mambo yamebadilika bila mtu yeyote kugusa kompyuta yake.

Meneja alisoma tangazo lile, akalisoma tena. Nilitegemea auone mlango uliofunguka. Lakini shaka haiondoki kwa mtu kwa sababu tu umeipa maelezo mazuri.

"Haya yote ni maneno yako, fundi," akasema. "Na wewe ni mtani wake. Mkono wake umegusa kompyuta hii, na wako umeigusa."

Sikukasirika. Ilikuwa haki yake, na kusema kweli alikuwa amenisaidia kwa shaka ile ile dakika chache kabla. "Kompyuta yako ya mkononi iko kwenye gari?"

"Ipo."

"Kuna mtu wa Usoke amewahi kuishika?"

"Hata mke wangu hajaishika."

Akaileta mwenyewe. Nikamwomba anyooshe mkono wake mwenyewe kila mahali, mimi nimwelekeze kwa mdomo tu. Akaiunganisha na mtandao wa tawi. Akaipa faili lile la njia, la asili, lisilo na mstari wangu. Akafungua kivinjari, akaandika jina lake na nywila yake, akaingia kwenye ukurasa wa mapokezi. Marobota yote ya Usoke yakajipanga mbele yake. Tukageukia kumbukumbu za geti la Tabora.

Hakuna kitu. Akaufungua ukurasa upya. Hakuna kitu. Akaufunga, akausogelea uso wa skrini, akaufungua mara nyingine kwa polepole, kama vile haraka ndiyo iliyokuwa imelifumba macho geti. Hakuna kitu.

"Kwa hiyo na mimi nimekwepa," akasema.

Nilimtazama karani pale dirishani. Hapo ndipo mahali ambapo mtani yeyote aliye hai angeingia. Mlango ulikuwa wazi mno, mtu angeweza kupita na robota kichwani. Alichosema ni, "Nikuletee chai, mzee?"

"Niletee, mama. Asante."

Wakati chai inachemka nikarekebisha faili kwenye kompyuta zote mbili. Nilifuta ule mstari wa pili, ili tovuti yetu yote, mapokezi na matangazo na picha, ipite getini kama vingine. Geti lingechoka kidogo, na hilo tungeliangalia baadaye. Ukijikuta siku moja kwenye kazi kama hii, andika mistari yako kwa jina la nyumba, usitegemee chumba. Na unapojaribu kwenye dibaga, kata mkia wa anwani mwenyewe kwanza, uipe kile ambacho kivinjari kitaipa. Ni jambo la sekunde moja, likikosekana mtu anaweza kupoteza kazi.

Tulizima na kuwasha vivinjari vyote viwili. Jina la kwanza kuandikwa na geti kwa tovuti yetu kutoka Usoke lilikuwa la meneja. La pili la karani. Alilitazama jina lake pale kwenye skrini yangu, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye vikombe.

Njiani tukirudi meneja aliniuliza, "Sasa madalali wanaambiwa na nani?"

"Sijui. Labda hawaambiwi. Wanaona malori yanavyopangwa."

"Labda," akasema. Akabadilisha gia, akaongeza, "Bado natazama."

Ijumaa niliitwa mbele ya bodi. Niliwaeleza habari ya nyumba na chumba, nikawaeleza tena, kwa sababu wazee wawili walitaka kujua kama kivinjari kinaficha na mambo mengine. Mmoja aliuliza juu ya ile picha ya skrini, maneno ya kukwepa na kamba. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima ya njia ya pwani. Meneja alinitangulia. Alisema picha ile ameiondoa kwenye maelezo yake, kwa sababu aliipiga akiwa hajauliza. Mkataba wa karani ukaongezwa, na ujumbe ukapelekwa kwenye chama cha msingi cha Usoke kwamba hakuna siri iliyotoka kwenye kompyuta ile. Kama mabani yote yaliupokea ujumbe huo, siwezi kujua.

Lakini yeye hakurudi. Namaanisha yule mtani. Karani alikuwepo kila siku, na alijibu kila simu. "Mtandao unafanya kazi, fundi. Asante." Kwenye kundi, yule wa Urambo alimchokoza kuhusu kamba, naye akajibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa ya shukrani. Nikaanza kuwa na shaka mpya, mbaya kuliko zile za mwanzo: kwamba tumemfundisha kuwa si salama kutaniana na sisi, na kwamba amejifunza vizuri.

Nilirudi Usoke kwa basi siku chache baadaye, kuhakikisha faili jipya limekaa. Alinikaribisha kwa adabu ile ile. Nilimpa pole ya dada yake, nikamwambia kwamba angetuambia tungemtafutia mtu wa kwenda kulaza mgongo wake mbele ya kaburi, hata kama ni kwa nauli ya kuchangishana. Alitabasamu kwa pembe moja ya mdomo, akasema ahsante. Nilikwenda uani kunawa, nikarudi, nikanywa chai, nikafunga begi langu, nikaondoka. Mlangoni aliniambia, "Safari njema, fundi," na niliibeba sentensi ile hadi Tabora.

Nyumbani nikafungua begi kutoa kompyuta. Mausi yangu haikuwemo. Nilitazama mfuko wa pembeni, nikatazama wa mbele. Kwenye mfuko ambao huwa naiweka, kulikuwa na kifurushi cha karatasi kilichokunjwa vizuri. Nikakifungua. Ilikuwa michembe, mikavu, imetosha kiganja kimoja. Kipimo cha posho ya mpagazi, chakula chake cha siku moja.

Nikampigia simu.

"Mausi yangu haipo," nikasema.

Nyuma yake nilisikia honi ya treni na mtoto akisoma kwa sauti.

"Pole," akasema. "Nenda kaulize getini, mpagazi. Si mlisema linaandika kila kitu?"

Nikamwambia nitakwenda na kamba. Akasema nisisahau chakula changu. Kisha akaniambia mtandao unafanya kazi, akakata.

Kesho yake nilinunua mausi nyingine. Michembe nilikuwa nimeshaila yote.